Jaribio la Saikolojia Shuleni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Mifano miwili inajirudia kote: jaribio la Stroop (kutaja rangi ya wino) na jaribio la kukumbuka orodha ya maneno.

## Kuchagua mada

1. Jaribio linatofautianaje na dodoso?

Katika jaribio, wewe mwenyewe unabadilisha kitu kimoja kwa makusudi, unapima kitu kingine, na unajitahidi mambo mengine yote yabaki vilevile. Ukiwauliza wenzako wanalala saa ngapi kisha ukalinganisha majibu na alama zao za mtihani, hujafanya jaribio. Hukumpangia mtu usingizi, umekuta tu hali ilivyo. Huo ni utafiti wa uhusiano, na hauwezi kukuambia kwamba kimoja kimesababisha kingine. Kama mwalimu ameagiza jaribio, alama nyingi hupotea hapa kabla hata kazi haijaanza.

2. Nichague mada gani?

Chagua inayotimiza mambo matatu: inamalizika kwa dakika kumi kwa kila mshiriki, matokeo yake ni namba, na haimkeri mtu. Kumbukumbu, umakini na utambuzi wa macho ndizo sehemu salama zaidi. Hizi zimefanyiwa kazi kwa miaka mingi na zinafaa darasani:

- Athari ya Stroop (1935): mtu huchelewa kutaja rangi ya wino pale neno lenyewe linapotaja rangi nyingine.
- Mpangilio wa maneno: orodha iliyopangwa kimakundi dhidi ya orodha ileile iliyovurugwa.
- Kina cha kuchakata: Craik na Tulving (1975) walionyesha kwamba neno linalofikiriwa kwa maana yake hukumbukwa vizuri kuliko linaloangaliwa umbo tu.
- Maswali yanayoelekeza jibu: Loftus na Palmer (1974) waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali. Walioulizwa magari "yalipopondana" walikisia mwendo wa wastani wa maili 40.5 kwa saa. Walioulizwa magari "yalipogusana" walikisia maili 31.8.

Mada kama "athari za mitandao ya kijamii kwa vijana" inavutia masikioni lakini haifanyiki kwa wiki tatu. Ikate hadi ibaki kitu kimoja unachoweza kukihesabu.

3. Je, kurudia jaribio la mtu mwingine ni kunakili?

Hapana, mradi unamtaja na ripoti unaiandika mwenyewe. Kurudia majaribio ya wengine ni kazi halali ya sayansi. Inapendeza zaidi ukigeuza jambo moja dogo lenye sababu, kwa mfano kutumia orodha ya maneno ya lugha ambayo washiriki wako wanaizungumza kila siku. Ukigeuza mambo matatu kwa pamoja, matokeo yakitofautiana na ya awali hutajua lipi limeleta tofauti.

4. Ni mada zipi nisiziguse kabisa?

Chochote chenye pombe au dawa, kumnyima mtu usingizi au chakula, kumtisha, kumwaibisha mbele ya wenzake, au kuuliza habari za magonjwa, familia na mapenzi. Usitumie watoto wadogo wala wanyama. Majaribio maarufu zaidi vitabuni mara nyingi ndiyo yasiyofaa kurudiwa. Watson na Rayner (1920) walimfundisha mtoto mchanga kuogopa. Milgram (1963) aliwafanya watu waamini wanampiga mwenzao shoti ya umeme, na wengi walitetemeka na kutokwa jasho. Wasome, wajadili katika utangulizi ukitaka, lakini usiwaige.

## Kupanga

5. Nadharia tete inaandikwaje?

Nadharia tete ni utabiri wa matokeo unaoutoa kabla ya kujaribu. Iandike kwa namna ambayo mtu asiyekujua anaweza kuisoma na kujua nini kitapimwa. "Mpangilio huathiri kumbukumbu" haitoshi, kwa sababu haisemi mpangilio upi wala kumbukumbu inapimwaje. Hii inatosha: "Washiriki watakaoonyeshwa maneno 20 yaliyopangwa kimakundi wataandika maneno mengi zaidi kwa usahihi, ndani ya sekunde 90, kuliko watakaoonyeshwa maneno hayohayo yaliyovurugwa."

Hiyo ina mwelekeo: inasema kundi gani litashinda. Tumia yenye mwelekeo pale tafiti zilizotangulia zinapoelekea upande mmoja. Kama zinapingana, au hazipo, andika "kutakuwa na tofauti" bila kutaja mshindi. Andika pia nadharia tete sifuri, yaani ile inayosema hakuna tofauti na kwamba yoyote itakayoonekana ni ya bahati tu. Zote mbili ziandikwe kabla ya kukusanya data. Ukiandika baada ya kuona matokeo, unajipangia ushindi.

6. Kigeu huru na kigeu tegemezi ni vipi? Huwa vinanichanganya.

Kigeu huru ni kile unachokibadilisha wewe, na kigeu tegemezi ni kile unachokipima. Katika jaribio la maneno, kigeu huru ni mpangilio wa orodha (kimakundi au vurugu), na kigeu tegemezi ni idadi ya maneno yaliyoandikwa sahihi. Ukikwama, jaza sentensi hii: "Nabadilisha ___ ili nione kama ___ itabadilika." Nafasi ya kwanza ni huru, ya pili ni tegemezi.

Usiandike "kumbukumbu" kuwa kigeu tegemezi. Kumbukumbu haina kipimo cha rula. Andika "idadi ya maneno sahihi kati ya 20".

7. Nitumie watu walewale katika hali zote mbili au vikundi viwili tofauti?

Inategemea kama mtu anaweza kufanya hali zote mbili bila ya kwanza kuharibu ya pili.

Stroop hufaa watu walewale. Kila mmoja anashindana na nafsi yake, hivyo tofauti za kasi ya kuzaliwa hazikusumbui, na washiriki wachache wanatosha. Tatizo ni mazoezi na uchovu: orodha ya pili huenda ikawa rahisi kwa sababu mtu amezoea, au ngumu kwa sababu amechoka. Dawa yake ni kupishanisha zamu. Nusu ya washiriki waanze na hali A kisha B, nusu nyingine B kisha A. Ndiyo maana idadi ya washiriki iwe shufwa.

Jaribio la mpangilio wa maneno linataka vikundi viwili. Ukitumia maneno yaleyale 20 katika hali zote mbili, ukabadilisha mpangilio tu, urefu na ugumu wa maneno vinakuwa sawa bila wewe kuhangaika. Lakini basi mtu hawezi kufanya mara mbili, maana angekuja mara ya pili akiwa ameshayajua. Hasara yake ni kwamba kundi moja linaweza kujaa watu wenye kumbukumbu nzuri kwa bahati. Hapo ndipo kura inapohitajika (swali la 9).

8. Washiriki wangapi wanatosha?

Kwa kazi ya shule, watu 12 hadi 16 kwa jaribio la watu walewale, na 10 hadi 12 kwa kila kundi kwa vikundi viwili. Chini ya hapo, hata tofauti ya kweli inaweza isionekane kwenye kipimo cha takwimu. Ukipita 30 unajichosha kwa kuhesabu, na maksi hazitaongezeka.

Eleza ulivyowapata. Kama uliwachukua waliokuwapo na kukubali, sema hivyo. Wanafunzi hupenda kuandika "sampuli nasibu" kwa sababu inasikika vizuri, ilhali sampuli nasibu inataka orodha ya watu wote wa kundi lengwa na kila mmoja awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa.

9. Nitawagawaje katika vikundi?

Kata vikaratasi 20. Andika A kwenye kumi na B kwenye kumi, vikunje vyote sawasawa, vitie katika mfuko. Kila mshiriki anapofika unachomoa kimoja bila kutazama, na hukirudishi.

Usiwape A kumi wa kwanza kufika. Wanaowahi mara nyingi ndio wenye hamu, na hamu hiyo itajitokeza kwenye matokeo kana kwamba ni kazi ya orodha yako. Kugawa kwa safu za madarasa kuna kasoro hiyohiyo, kwa sababu marafiki hukaa pamoja.

10. Vifaa niviandaeje?

Kwa orodha ya maneno: chagua makundi manne yenye maneno matano kila moja (wanyama, viungo vya mwili, mavazi, vyombo vya jikoni). Maneno yawe ya kawaida, nomino za vitu vinavyoonekana. Epuka neno linalosimama peke yake kwa kuchekesha, kwa kuwa hilo kila mtu atalikumbuka. Kwa hali iliyovurugwa, hakikisha maneno ya kundi moja hayafuatani hata mara moja. Mkono ukivuruga wenyewe huacha jozi bila kujua.

Kwa Stroop: tumia rangi nne, mfano nyekundu, kijani, buluu na njano, katika orodha mbili za vipengele 40. Orodha ya kwanza iwe na miraba yenye rangi tu, ya pili iwe na maneno ya rangi yaliyochapwa kwa wino usiolingana nayo. Rangi moja isifuatane na yenyewe. Usiweke "nyeusi" na "nyeupe" pamoja: zinaanza sawa, mshiriki atajikwaa ulimi, na kujikwaa huko hakuhusiani na Stroop. (Isitoshe, wino mweupe juu ya karatasi nyeupe hausomeki.) Njano iliyokolea ndiyo ionekane, ile iliyopauka hupotea kwenye karatasi.

Maelekezo kwa mshiriki yaandikwe neno kwa neno na yasomwe vilevile kwa kila mtu. Ukieleza kwa kichwa, mshiriki wa kumi atapata maelezo mazuri kuliko wa kwanza.

## Maadili

11. Ridhaa ipatikane vipi?

Kwa maandishi, kabla ya kuanza. Karatasi ya ridhaa ieleze kazi itakuwa nini, itachukua muda gani, kwamba mshiriki anaweza kuacha wakati wowote bila kutoa sababu, kwamba anaweza kuomba data yake ifutwe, na kwamba jina lake halitaonekana popote. Mshiriki ambaye bado ni mtoto kisheria huhitaji pia idhini ya mzazi au mlezi, na shule yako inaweza kuwa na utaratibu wake. Muulize mwalimu kabla hujachapa chochote.

Mpe kila mtu namba. Kwenye karatasi ya majibu iandikwe "M07", si jina. Karatasi za ridhaa, zenye majina, zikae mbali na majibu.

12. Naruhusiwa kumficha mshiriki lengo la jaribio?

Kidogo, ndiyo. Ukimwambia Stroop inahusu kuchelewa, atajitahidi kuchelewa au kujitahidi kinyume chake. Orne (1962) alieleza jinsi washiriki wanavyosoma dalili za anachotaka mtafiti na kumtimizia. Kwa hiyo unaweza kusema "ni jaribio la kutaja rangi" na kunyamazia mengine. Kunyamaza ni tofauti na kudanganya: usimwambie kwamba hiki ni kipimo cha akili.

Akimaliza, mweleze ukweli wote, mwonyeshe hali zote mbili, muulize kama ana swali, na mkumbushe haki ya kufuta data yake. Maelezo haya ya mwisho yaandikwe pia na kuwekwa kwenye viambatisho.

## Kuendesha jaribio

13. Jaribio dogo la awali lina faida gani?

Linakuonyesha makosa yakiwa bado ya bure. Tumia watu wawili au watatu ambao hawataingia katika jaribio lenyewe. Angalia kama maelekezo yameeleweka, muda unatosha, na alama zinatawanyika. Ukitumia maneno 10 tu, karibu kila mtu atapata 9 au 10, na hata kama mpangilio unasaidia hakuna nafasi iliyobaki ya kuonyesha. Kinyume chake pia hutokea: kazi ngumu mno, wote wanapata 2.

Andika ulichobadilisha baada ya jaribio la awali na kwa nini. Wasahihishaji hupenda sentensi hiyo.

14. Nifuate hatua zipi siku yenyewe?

Kwa jaribio la maneno, mshiriki mmoja mmoja katika chumba kimya:

1. Ridhaa, kisha chomoa kikaratasi cha kundi.
2. Soma maelekezo yaliyoandikwa.
3. Onyesha kila neno kwenye kadi kwa sekunde 2. Maneno 20 ni sekunde 40.
4. Mwombe ahesabu kurudi nyuma kwa tatutatu kwa sauti kuanzia 300, kwa sekunde 30.
5. Mpe sekunde 90 aandike maneno kwa mpangilio wowote.
6. Maelezo ya mwisho, na ombi asiwasimulie wengine.

Hatua ya nne huachwa na wengi. Bila hiyo, maneno ya mwisho huwa bado yanazunguka kichwani na mtu huyamimina kwanza. Glanzer na Cunitz (1966) waliona kwamba sekunde 30 za kuhesabu ziliondoa faida hiyo ya maneno ya mwisho.

Amua mapema nini kinahesabika kuwa sahihi. Mshiriki akiandika "visu" badala ya "kisu", je? Makosa ya herufi? Jibu lolote linafaa mradi lilikuwapo kabla ya kusahihisha na linatumika kwa wote.

15. Je, simu inatosha kupimia muda?

Inatosha kama unapima orodha nzima. Kidole chako kinachelewa takribani sehemu mbili za kumi za sekunde kubonyeza. Ukipima neno moja, kosa hilo ni kubwa mno ukililinganisha na unachokitafuta. Ukipima vipengele 40, halina uzito. Stroop mwenyewe alitumia vipengele 100 kwa karatasi: kutaja rangi za miraba kulichukua wastani wa sekunde 63.3, na kutaja wino wa maneno yasiyolingana sekunde 110.3. Mtu mmoja apime kwa washiriki wote, na zima arifa za simu.

Kuhusu makosa: mshiriki akitaja rangi isiyo sahihi, mwachie ajirekebishe na muda uendelee. Andika hivyo kwenye mbinu.

## Matokeo na takwimu

16. Niweke nini kwenye sehemu ya matokeo?

Jedwali moja dogo lenye wastani, mediani (alama ya katikati zikipangwa kwa ukubwa) na mkengeuko sanifu (jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani) kwa kila hali, mchoro mmoja, na sentensi mbili tatu zinazosema vinaonyesha nini. Data ghafi na mahesabu vinakwenda kwenye viambatisho.

Mchoro uwe na nguzo mbili: wastani wa hali A na wa hali B. Kosa linalojirudia kila mwaka ni kuchora nguzo moja kwa kila mshiriki. Nguzo ishirini zenye majina M01 hadi M20 hazijibu swali lolote. Kila mhimili upewe jina na kipimo chake.

17. Nichagueje kipimo cha takwimu?

Jiulize maswali mawili: unatafuta tofauti au uhusiano, na ulitumia watu walewale au vikundi tofauti? Kwa kazi nyingi za shule majibu ni haya:

- Tofauti, vikundi viwili: Mann-Whitney.
- Tofauti, watu walewale: Wilcoxon, au kipimo cha ishara kama unataka kilicho rahisi zaidi.
- Idadi ya watu katika makundi (waliosema ndiyo, waliosema hapana): kai-mraba.
- Uhusiano kati ya vipimo viwili: Spearman.

Kiwango cha kawaida ni 0.05. Maana yake: kama kwa kweli hakuna tofauti, nafasi ya kupata matokeo kama haya au makali zaidi ni 5% au pungufu. Haimaanishi kwamba nadharia yako ina uhakika wa 95%.

18. Nipe mfano wa hesabu nzima.

Chukua Stroop yenye washiriki 12, kwa namba za kubuni. Kwa kila mtu, andika + kama alichelewa zaidi kwenye maneno, na − kama alikuwa haraka zaidi. Aliyepata muda sawa anaondolewa na N (idadi ya wanaohesabiwa) inapungua. Tuseme 11 wana + na 1 ana −. Thamani ya S ni idadi ya ishara iliyo chache, yaani 1. Kwa N = 12 na kiwango cha 0.05, thamani ya kikomo (unayoisoma kwenye jedwali la kipimo hicho) ni 2. S yetu ni ndogo kuliko hiyo, basi tunaikataa nadharia tete sifuri.

Hapa wengi hugeuza mambo. Kwa kipimo cha ishara, Wilcoxon na Mann-Whitney, thamani uliyokokotoa lazima iwe *sawa au ndogo* kuliko ya kikomo. Kwa kai-mraba na Spearman ni kinyume: iwe *sawa au kubwa*. Angalia pia kama unasoma safu ya nadharia yenye mwelekeo au isiyo nao. Kwa Mann-Whitney yenye watu 10 na 10, kikomo ni 27 kwa yenye mwelekeo na 23 kwa isiyo nao.

19. Matokeo hayakuonyesha tofauti. Nimefeli?

La. Unasahihishwa kwa mbinu na hoja, si kwa kupata tofauti. Andika kwamba umeshindwa kuikataa nadharia tete sifuri, kisha tafuta sababu mahususi: je, alama ziligonga dari (swali la 13)? Sampuli ilikuwa ndogo? Kelele? Usiguse namba. Data za kubuni hujulikana upesi: hutawanyika kidogo mno, na hakuna mshiriki hata mmoja aliyefanya jambo la ajabu.

## Kuandika ripoti

20. Sehemu za ripoti ni zipi na nianze na ipi?

Ikisiri, utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, marejeleo, viambatisho. Huo ni mpangilio wa kusoma, sio wa kuandika. Anza na mbinu siku ileile ya jaribio, kumbukumbu ikiwa bado mbichi, halafu matokeo, utangulizi, mjadala. Ikisiri (maneno 150 hadi 200) huandikwa mwisho kabisa.

Utangulizi uanze mpana na umalizike na nadharia tete: nadharia ya jumla, tafiti mbili au tatu zinazohusika moja kwa moja, kisha sababu ya jaribio lako. Utafiti usiosaidia kufika kwenye nadharia tete yako uondoe, hata kama ulikuchukua jioni nzima kuusoma.

21. Mbinu iwe na undani kiasi gani?

Kiasi ambacho mgeni anaweza kurudia jaribio bila kukupigia simu. "Washiriki walionyeshwa maneno kisha wakayaandika" haitoshi. "Kila neno lilionyeshwa kwa sekunde 2 kwenye kadi, herufi nyeusi, baada ya neno la 20 mshiriki alihesabu kurudi nyuma kwa sekunde 30" inatosha. Tumia wakati uliopita. Usiorodheshe kalamu na meza kana kwamba ni vifaa vya maabara.

22. Mjadala wangu huwa mfupi. Niongeze nini?

Rudi kwenye kila utafiti uliotaja katika utangulizi na useme matokeo yako yanaafikiana nao au la. Kisha udhaifu, na hapa ndipo ripoti nyingi hulegea. "Sampuli ilikuwa ndogo" kila mtu anaandika. Eleza kasoro ilisukuma matokeo upande gani: "Washiriki wanne walifanya wakati wa mapumziko kukiwa na kelele, watatu walikuwa kundi B (orodha iliyovurugwa), hivyo tofauti huenda imeonekana kubwa kuliko ilivyo." Malizia kwa marekebisho yanayoweza kutekelezwa.

Neno "yamethibitisha" liache. Matokeo *yanaunga mkono* nadharia, au hayaiungi.

## Hali zisizo za kawaida

23. Mshiriki ana upofu wa rangi, au anaijua Stroop tayari.

Wa kwanza uliza kabla ya kuanza, kwa faragha, na umshukuru bila kumfanyisha jaribio. Kwa wa pili, kigezo cha kumwondoa kiwe kimeandikwa mapema. Kuijua Stroop hakuondoi athari yake, hivyo wengi humbakiza na kulitaja kwenye mjadala.

24. Mtu mmoja amepata alama ya ajabu mno. Nimwondoe?

Tu kama una sababu isiyotokana na alama yenyewe: alipigiwa simu katikati, hakuelewa maelekezo. "Anaharibu wastani" si sababu. Hapo mediani inakusaidia, na vipimo vya swali la 17 vinavyotumia nafasi badala ya alama havitikiswi sana na mtu mmoja.

25. Mshiriki amejitoa na vikundi vimebaki 10 na 9.

Endelea. Mann-Whitney inakubali vikundi visivyolingana. Soma tu jedwali penye 9 na 10. Andika kwamba mmoja alijitoa, bila kutaja sababu yake hata kama unaijua.

26. Nataka kulinganisha wavulana na wasichana. Hilo ni jaribio?

Sio jaribio kamili, kwa sababu huwezi kumpangia mtu jinsia kwa kura. Huitwa jaribio nusu. Mwalimu akiruhusu, fanya, ila usiandike kwamba jinsia *imesababisha* tofauti.

27. Tumefanya kazi kwa kikundi. Ripoti zinaweza kufanana?

Data, vifaa na karatasi ya maelekezo vinaweza kuwa vilevile, kama utaratibu wa mtihani wenu unaruhusu. Utangulizi, mjadala na ikisiri kila mmoja aandike peke yake, bila faili la mwenzake kuwa wazi kwenye skrini.